Disketi na Faili za Kompyuta za Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Bukavu

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya watu wa Bukavu na viunga vyake ambao bado wana disketi za miaka ya 1980 na 1990: parokia, shule, vyama vya ushirika vya kahawa, maduka, na familia ambazo mzee wao aliacha sanduku la disketi chini ya kitanda. Majibu yanahusu IBM PC, iliyotolewa Marekani mwaka 1981, pamoja na kompyuta zilizoiga muundo wake na kutumia mfumo wa DOS. Mwenye disketi za Macintosh ya kwanza au za Amiga ajue kwamba ziliandikwa kwa utaratibu mwingine, na kiendeshi cha kawaida cha PC hakiwezi kuzisoma hata zikiwa nzima kabisa.

Nimerithi sanduku la disketi. Nianzie wapi?

Anza kwa kutozitia katika mashine. Toa disketi moja moja na uitazame mbele ya dirisha. Disketi ya inchi 5.25 ina tundu refu linaloacha uso wa diski wazi. Izungushe polepole kwa kidole kilichoingizwa katika tundu la katikati, bila kugusa uso wenyewe. Disketi ya inchi 3.5 ina mlango mdogo wa bati unaosogezwa kando kwa kidole. Ukiona madoa meupe au ya kijivu, au mikwaruzo ya duara iliyokwangua rangi, iweke pembeni na usome jibu kuhusu kuvu hapa chini.

Hatua ya pili ni kuzuia uandishi. Kwenye disketi ya inchi 5.25, funika kwa mkanda mzito usiopitisha mwanga ule mkato mdogo ulio pembeni mwa jaketi. Kwenye disketi ya inchi 3.5, sogeza kibonye cha plastiki hadi tundu lake lionekane wazi. Wengi huchanganya mambo haya mawili, na si ajabu, kwa sababu katika aina ya kwanza ni ufunikaji unaolinda na katika aina ya pili ni uwazi. Kinga hii hutambuliwa na kiendeshi chenyewe, kwa hiyo hakuna programu, hata kirusi, inayoweza kuipuuza kwenye kiendeshi kizima.

Hatua ya tatu ni kutengeneza nakala kamili ya disketi, kisha kufanya kazi zote zinazoelezwa hapa juu ya nakala hiyo. Majibu mengine yote yanachukulia kwamba umekwisha kufanya hivyo.

Nitajuaje disketi yangu inabeba kiasi gani?

Kwa disketi za inchi 3.5, hesabu matundu ya pembeni. Yenye tundu moja, lile la kuzuia uandishi, ni ya kilobaiti 720. Yenye tundu la pili upande wa pili ni ya megabaiti 1.44. Kwa disketi za inchi 5.25 jambo ni gumu zaidi, kwa sababu ile ya kilobaiti 360 na ile ya megabaiti 1.2 zinafanana kwa umbo. Dalili ya kuaminika kiasi ni pete ya kuimarisha iliyobandikwa kuzunguka tundu la katikati, ambayo disketi nyingi za 360 zinayo na za 1.2 kwa kawaida hazina.

Hesabu yenyewe ni rahisi na inafaa kukumbukwa. Disketi ya 360 ina pande mbili, kila upande una njia 40 za duara, kila njia imegawanywa katika sekta 9, na kila sekta inabeba baiti 512. Ukizidisha unapata baiti 368,640. Ile ya 720 ina njia 80 badala ya 40, nayo inafikia baiti 737,280. Ile inayoitwa ya 1.44 ina njia 80 na sekta 18 kwa kila njia, yaani baiti 1,474,560. Atakayepiga hesabu ataona kwamba hizo si megabaiti 1.44 kwa kipimo chochote kilicho sahihi: ni kilobaiti 1,440 za baiti 1,024 kila moja, kisha mtu akagawanya kwa 1,000. Jina limebaki hivyo tangu mwaka 1987, disketi hizo zilipokuja na kompyuta za IBM PS/2.

Kuna watu waliokuwa wakitoboa tundu la pili kwenye disketi ya 720 ili mashine idanganyike na kuifomati, yaani kuiandaa kupokea maandishi, kama ya 1.44. Ulikuwa ujanja wa kubana matumizi katika mji ambako disketi mpya ilikuwa ghali, lakini rangi ya sumaku ya aina hizi mbili si moja, na disketi zilizotobolewa ndizo huwa za kwanza kupoteza maandishi yake. Ukikuta tundu lenye kingo zilizochanika, hamisha disketi hiyo kabla ya nyingine zote.

Je, kiendeshi cha megabaiti 1.2 kinasoma disketi ya 360?

Kinasoma, lakini usikitumie kuiandikia. Kichwa chake ni chembamba zaidi, na maandishi mapya yanakuwa mstari mwembamba juu ya mstari mpana wa zamani, kiasi kwamba kiendeshi cha kawaida cha 360 kinasoma vyote viwili kwa pamoja na kushindwa kuelewa kimoja.

Nikibonyeza A, skrini inaandika Q. Je, kibodi imeharibika?

Haijaharibika. Kompyuta nyingi zilizotufikia zilinunuliwa Ubelgiji au Ufaransa, na vitufe vyake vimepangwa kwa mpangilio wa AZERTY. Lakini DOS, inapoanza bila kuelekezwa, huchukulia kwamba kibodi ni ya Kimarekani. Kuanzia DOS 3.3, dawa ni amri KEYB FR kwa kibodi ya Ufaransa au KEYB BE kwa ile ya Ubelgiji. Tatizo ni kwamba disketi ya kuanzishia mashine mara nyingi haina programu hiyo, na huwezi kuitafuta kwenye disketi nyingine bila kuandika amri.

Katika hali hiyo andika ukiwa umejua vitufe vimehamia wapi. A na Q hubadilishana nafasi, vivyo hivyo Z na W. Herufi M iko kwenye kitufe cha koma. Nukta iko kwenye kitufe kilichochorwa nukta mbili, ilhali nukta mbili zenyewe hupatikana kwa kushika Shift na kubonyeza kitufe chenye M. Mkwaju wa kawaida ni kitufe cha mwisho cha safu ya chini, kabla ya Shift ya kulia. Mkwaju wa kinyume, kwenye kibodi za vitufe 102, uko kwenye kitufe chenye alama µ karibu na Enter. Tarakimu hutoka bila Shift, na nyota ni Shift pamoja na 8. Kwa hiyo anayetaka kwenda kwenye kiendeshi cha A abonyeze kitufe cha Q, kisha Shift na M, kisha Enter.

Kwa nini majina ya faili yamekatwa hivi?

DOS iliruhusu jina la herufi nane zisizozidi, nukta, na kiambishi cha herufi tatu zisizozidi, bila nafasi katikati. Ndiyo maana barua kwa askofu iliitwa BARUASKF.TXT. Viambishi COM, EXE na BAT ni vya programu. DBF ni orodha ya dBase. WKS na WK1 ni majedwali ya Lotus 1-2-3. WordPerfect, programu ya kuandikia hati, haikulazimisha kiambishi chochote, kwa hiyo makatibu waliweka walichotaka, na usidhani kwamba faili isiyo na kiambishi imeharibika.

Ikiwa bado unaunda faili kwenye mashine hiyo, tanguliza mwaka na mwezi katika jina: 9103KAHA.WK1 kwa hesabu ya kahawa ya Machi 1991. Utaratibu huu haupendezi macho, lakini orodha ikipangwa kwa majina inakuwa imejipanga pia kwa tarehe.

Nitumie COPY au DISKCOPY?

COPY huhamisha faili moja moja, na DISKCOPY huhamisha disketi nzima, sekta kwa sekta, pamoja na sekta ya kuanzishia na hata mabaki ya faili zilizofutwa. Kwa kuokoa disketi ya zamani, DISKCOPY ndiyo inayofaa kwanza, mradi disketi ya pili iwe ya aina ileile. Kwa kukusanya faili zilizotawanyika kwenye disketi nyingi, tumia COPY.

Zote mbili zina hatari. DISKCOPY hufuta kila kitu kilichokuwa kwenye disketi inayopokea, na aliyekosea mpangilio ananakili disketi tupu juu ya ile yenye kumbukumbu za shule nzima. Hapo ndipo kinga ya uandishi inapolipa. COPY nayo, kabla ya MS-DOS 6.2 ya mwaka 1993, ilikuwa ikiandika juu ya faili yenye jina lilelile bila kuuliza chochote. Katika amri zote mbili, kinachotoka hutajwa kwanza na kinakokwenda hutajwa baadaye: COPY A:BARUASKF.TXT B: hutoa faili A na kuipeleka B.

Mashine yangu ina kiendeshi kimoja tu. B iko wapi?

Ni kilekile. DOS hukiita A au B kwa zamu, na kukuomba ubadilishe disketi kila zamu inapofika. Subiri taa izime kabla ya kutoa disketi, na usibadilishe disketi wakati programu bado imefungua faili, kwa maana mfumo unaweza kuandika ramani ya disketi ya kwanza juu ya ya pili, na hapo zote mbili zitakuwa zimevurugika.

Disketi inasema imejaa, lakini DIR, amri ya kuorodhesha faili, inaonyesha nafasi imebaki. Inawezekanaje?

Saraka kuu ya disketi ina idadi maalumu ya mistari: 112 kwa disketi za 360 na 720, na 224 kwa zile za 1.2 na 1.44. Mistari ikiisha, disketi haipokei faili nyingine hata kama nusu yake ni tupu. Suluhisho ni kuunda saraka ndogo kwa amri MD, jambo lililowezekana kuanzia DOS 2.0 ya mwaka 1983, na kuhamishia humo faili ndogondogo, kwa kuwa saraka ndogo haina kikomo hicho.

Kinyume chake pia hutokea. Jumla ya ukubwa wa faili ni ndogo, lakini nafasi imekwisha. Disketi za 360 na 720 hugawa nafasi kwa vipande vya baiti 1,024, na hati fupi yenye maneno mawili inachukua kipande kizima.

Nimefuta faili kwa bahati mbaya. Je, imepotea?

Bado, ikiwa hujaandika kitu kingine kwenye disketi hiyo. DOS inapofuta faili haigusi maandishi yenyewe: hubadilisha herufi ya kwanza ya jina katika saraka kuwa alama maalumu, na kutangaza kwamba vipande vilivyotumiwa viko huru, kama duka lililoondolewa kibao mlangoni huku bidhaa zikiwa bado ndani. Funga uandishi mara moja, tengeneza nakala kwa DISKCOPY, kisha tumia amri UNDELETE juu ya nakala. Amri hiyo ilikuja na MS-DOS 5.0 mwaka 1991; kabla yake watu walitumia Norton Utilities, iliyoanza mwaka 1982. Utaulizwa herufi ya kwanza ya jina, na yoyote utakayoandika itakubaliwa.

Faili iliyokuwa imeandikwa mfululizo hurudi nzima. Ile iliyokuwa imetawanyika vipandevipande huweza kurudi ikiwa imechanganyika na maandishi ya faili nyingine, kwa sababu ramani iliyounganisha vipande vyake ndiyo iliyofutwa. Kwa hiyo fungua ulichookoa na ukisome hadi mwisho kabla ya kumwambia mwenye mali kwamba kazi imekamilika.

Na FORMAT je?

Matoleo ya MS-DOS kabla ya 5.0 yalipofomati disketi yaliiandika upya yote, na hakuna programu inayorudisha kilichokuwamo. Toleo la 5.0 huhifadhi taarifa zinazowezesha amri UNFORMAT, isipokuwa aliyeamuru awe ameongeza /U. Kompyuta ikikuambia kwamba disketi haijafomatiwa na kukushauri uifomati, kataa: mara nyingi disketi imefomatiwa vizuri, ila kiendeshi ni kichafu au disketi ni ya aina nyingine.

Umeme ulikatika nikiwa nahifadhi. Sasa faili inaonyesha baiti 0.

Hili tunalijua sote tunaotegemea umeme wa SNEL. DOS huandika maandishi kwanza, na ukubwa wa faili huandikwa kwenye saraka mwishoni, faili inapofungwa. Umeme ukikatika katikati, maandishi yapo kwenye disketi, lakini saraka haijui. Endesha CHKDSK /F juu ya nakala. Vipande visivyo na mwenyewe vitakusanywa katika faili zenye majina kama FILE0000.CHK, ambazo unaweza kuzifungua na kutambua kilichomo. Hati ya maandishi mara nyingi huokoka karibu yote. Jedwali la Lotus au orodha ya dBase huhitaji uvumilivu zaidi, kwa kuwa muundo wa faili nao lazima uwe mzima.

Asiye na betri ya kusaidia ahifadhi kazi yake kila baada ya ukurasa, na asiache disketi ndani ya kiendeshi wakati umeme unaporudi kwa kishindo.

Je, virusi vya zamani bado ni hatari?

Kwa kompyuta yako ya leo, karibu sivyo. Kwa mashine ya zamani, ndiyo. Brain, iliyotoka Lahore, Pakistan, mwaka 1986, ilijificha kwenye sekta ya kuanzishia ya disketi za 360. Michelangelo ilivuma mwaka 1992 kwa kuharibu diski kila tarehe 6 Machi. Virusi vya namna hii havikuhitaji uendeshe programu yoyote: ilitosha kuwasha mashine ukiwa umesahau disketi ndani ya kiendeshi, hata kama disketi hiyo ilikuwa na barua tu. Kwa hiyo washa mashine kwa disketi moja safi ya mfumo iliyofungwa uandishi, na isiwe nyingine.

Disketi zangu zina kuvu. Nifanye nini?

Bukavu iko kandokando ya ziwa kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500, na mvua hunyesha kuanzia Septemba hadi Mei. Kabati la mbao lililofungwa kwa miaka ni mahali ambapo kuvu hustawi. Ndugu zetu wa Goma wana taabu nyingine, majivu laini ya volkano yanayokwaruza uso wa diski. Kote kuwili kanuni ni moja: disketi chafu isiingie kwenye kiendeshi, kwa sababu kichwa kitaubeba uchafu huo na kukwaruza disketi zote zitakazofuata.

Kausha disketi kwanza ndani ya chumba, kivulini, kwa siku kadhaa. Kisha, kwa pamba isiyoacha nyuzi iliyoloweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili, pangusa uso kupitia tundu, ukizungusha diski kwa kitovu chake na kufanya pande zote mbili. Usitumie maji ya bomba, sabuni wala petroli. Iache ikauke kabisa, jaribu kuisoma mara moja, kisha safisha kichwa cha kiendeshi kwa alkoholi ileile kabla ya kutia disketi nyingine. Ikitoa sauti ya kukwangua, itoe mara moja.

Baada ya hapo zihifadhi zikiwa zimesimama wima ndani ya kopo au boksi lenye vifuko vya kunyonya unyevu, mbali na spika, jenereta na televisheni za kioo kinene. Lebo iandikwe kabla ya kubandikwa. Kalamu ya bic ikikandamizwa juu ya jaketi laini la inchi 5.25 huacha alama hadi kwenye diski.

Faili zote zina tarehe 1 Januari 1980. Nitajuaje ziliandikwa lini?

IBM PC ya kwanza haikuwa na saa yenye betri. Kila ilipowashwa iliuliza tarehe, na katibu mwenye haraka alibonyeza Enter tu, ndipo mfumo ukachukua mwanzo wa kalenda yake, ambao ni mwaka 1980.

Itakubidi usome yaliyomo. Barua inayotaja jimbo la Kivu bila kusema Kusini ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya kabla ya 1988, mwaka ambao Kivu iligawanywa kuwa Kivu Kusini, Kivu Kaskazini na Maniema. Hesabu zilizo katika zaire ya zamani yaelekea ni za kabla ya Oktoba 1993, ilipoingia zaire mpya. Zilizo katika faranga za Kongo haziwezi kuwa za kabla ya 1998. Kichwa cha barua kinachosema Jamhuri ya Zaire kinakupa kikomo cha Mei 1997, ingawa kuna ofisi zilizoendelea kutumia kiolezo cha zamani kwa uvivu tu.

Nahamishaje yote haya kwenye kompyuta ya leo?

Kwa disketi za inchi 3.5, nunua kiendeshi cha USB, ambacho husoma za 1.44 na mara nyingi za 720. Hakuna kiendeshi cha kawaida cha USB cha inchi 5.25, itabidi utumie mashine ya zamani yenye viendeshi vyote viwili, au kiendeshi cha zamani kilichounganishwa kwa kifaa kama Greaseweazle au KryoFlux. Kwenye Linux, programu ya ddrescue hutengeneza nakala ya disketi nzima kama faili moja, na hurudia sekta zilizogoma. Linganisha ukubwa wa faili hiyo na hesabu tuliyotoa juu: ya 1.44 lazima iwe na baiti 1,474,560 kamili, na ikipungua, kazi haijaisha.

LibreOffice hufungua hati za WordPerfect, majedwali ya Lotus na orodha za dBase. Hati za WordStar za zamani huonekana na alama ngeni mwishoni mwa kila neno, kwa sababu programu hiyo ilibadilisha herufi ya mwisho kwa matumizi yake ya ndani. Barua za Kiswahili hufunguka bila shida. Za Kifaransa hutoka zikiwa na koma mahali pa é na Š mahali pa è, kwa kuwa DOS iliandika herufi zenye lafudhi kwa namba tofauti na zile za Windows. Wakati wa kufungua, chagua usimbaji wa 850 au 437, na lafudhi zitarudi mahali pake.

Nikimaliza, nizitupe disketi?

Zenye hati za ardhi, za mahakama au za chama, zitunze pamoja na nakala mpya, kwani disketi isiyosomeka leo huenda ikasomeka kwa kifaa bora kesho. Nyingine unaweza kuziondoa baada ya kufungua na kuhakiki nakala mbili zilizowekwa mahali pawili tofauti. Usizichome pamoja na takataka za kiwanjani, hasa za inchi 5.25: jaketi lake ni la PVC, na moshi wake una asidi inayodhuru mapafu.